Kidokezo kama Matini: Sarufi, Msimbo na Msomaji wa Kiswahili katika Violesura vya Wavuti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kidokezo, yaani maneno mafupi yanayojitokeza pale kishale cha kipanya kinapopumzishwa juu ya kitufe au ikoni katika programu za wavuti. Uhakiki wa Kiswahili cha kompyuta umezoea kuuliza iwapo istilahi iliyotumika ni sahihi. Makala yanadai kuwa swali hilo halitoshi, kwa kuwa kidokezo hutungwa na mfasiri lakini hukamilishwa na msimbo: msimbo ndio unaounga maneno yake, unaoamua wakati wa kujitokeza kwake, na unaoamua ni nani atakayekisoma. Kwa kuongozwa na kanuni za mazungumzo za H. P. Grice (1975), makala yanalinganisha namna mbili za kudhibiti vidokezo: ile ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, na ile ya maktaba ya msimbo ya Bootstrap. Inabainika kuwa namna ya kwanza hulinda sentensi lakini humwacha nje msomaji, ilhali ya pili humfikia msomaji lakini haishughuliki na sentensi. Makala yanapendekeza vigezo vinavyounganisha mambo hayo mawili.

Istilahi muhimu: kidokezo, kiolesura, msimbo, upatanisho wa kisarufi, ujanibishaji

1.0 Utangulizi

Katika programu nyingi za wavuti, vitufe havina maneno. Kufuli, msalaba, pipa la taka na bahasha husimama kama picha tu, na mtumiaji hutarajiwa kujua maana yake. Kishale kinapopumzishwa juu ya picha hiyo, kijisanduku hujitokeza, husema neno moja au sentensi moja, kisha hutoweka. Maneno hayo ndiyo yanayoitwa kidokezo katika makala haya.

Udogo wa matini hii umeifanya isihesabiwe kuwa matini. Hata hivyo, mfano mmoja watosha kuonesha uzito wake. Chukulia programu ya kuandikia nyaraka yenye msalaba unaoondoa dirisha na kufuli linalozuia watu wengine wasihariri waraka. Mfasiri akiandika "Funga" juu ya msalaba na "Funga" juu ya kufuli, hajakosea mahali popote, kwa kuwa kitenzi hicho hubeba maana zote mbili. Istilahi ni sahihi, tahajia ni sahihi, na mtumiaji bado hajui kitakachotokea akibofya. Kosa halimo katika neno. Limo katika uhusiano wa neno na mahali lilipowekwa. Laiti kidokezo kimoja kingesema "Funga dirisha hili" na kingine "Zuia wengine kuhariri", picha mbili zingekuwa na maana mbili.

Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Kidokezo cha Kiswahili kina watunzi watatu: mwandishi wa matini chanzi, mfasiri, na msanidi wa programu anayeandika msimbo wa kukionesha. Mhakiki anayewatazama wawili wa kwanza tu atamlaumu mfasiri kwa makosa ambayo hakuyatenda, na atasifu matini ambazo msomaji hazioni.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Grice (1975) alieleza kuwa wazungumzaji huelewana kwa sababu hushirikiana, na ushirikiano huo huonekana katika kanuni nne: kiasi, ubora, uhusiano na namna. Msemaji hutarajiwa kutoa habari ya kutosha bila kuzidisha, kusema kweli, kusema linalohusu jambo lililopo, na kusema waziwazi. Kanuni hizi zinafaa kukipima kidokezo kwa kuwa kidokezo ni jibu. Mtumiaji anayesitisha kishale juu ya picha huwa ameuliza swali bila kutamka: hiki kinafanya nini?

Kwa kanuni ya kiasi, kidokezo kinachorudia maandishi yaliyokwisha kuonekana hakijajibu kitu. Kitufe kilichoandikwa "Tuma" hakihitaji kidokezo kinachosema "Tuma". Waswahili wamesema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa kanuni ya namna, kitufe kilichoandikwa "Jibu" chaweza kuwa kinamtaka mtumiaji aandike jibu, au kinamwahidi kumwonesha jibu lililopo, kwa kuwa neno hilo ni nomino na ni kitenzi cha amri vilevile. Hapo kidokezo kina kazi halali ya kufanya.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Kudokeza ni kutoa habari kidogo tu, aghalabu kwa mtu anayeweza kujazia iliyobaki. Ndiyo maana alama ya nukta tatu inayoashiria maneno yaliyoachwa huitwa mdokezo. Jina kidokezo linalingana na ufupi wa matini hii, lakini lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuacha fumbo. Mtumiaji aliyesitisha kishale chake hatafuti kuonjeshwa jibu.

Hata hivyo, nadharia ya Grice inahitaji kuongezewa jambo moja. Grice aliwafikiria msemaji na msikilizaji. Katika kiolesura, baina yao amesimama mshenga ambaye ni msimbo. Mshenga huyu anaweza kubadilisha maneno aliyotumwa, kuyachelewesha, au kuyafikisha kwa baadhi ya wasikilizaji na kuwaruka wengine. Sehemu mbili zinazofuata zinamchunguza katika kazi yake.

3.0 Sentensi Inayoungwa na Msimbo

Wasanidi wengi hupenda kuandika tungo moja yenye nafasi tupu, kisha msimbo uijaze kulingana na kitu kilichochaguliwa. Tungo ya namna ya "Futa … hii" huokoa kazi: nafasi ikijazwa neno picha, sentensi husomeka vyema. Ikijazwa ujumbe, kiungo au watumiaji, msimbo hutoa "Futa ujumbe hii", "Futa kiungo hii" na "Futa watumiaji hii". Mfasiri hakuandika hata moja kati ya sentensi hizo. Aliandika tungo iliyo sahihi kwa neno moja, na msimbo ukaieneza kwa maneno yote kana kwamba Kiswahili hakina ngeli.

Tatizo hukua idadi inapoingia. Data za CLDR zinazosimamiwa na Unicode, ambazo programu nyingi huzitegemea, huipa lugha ya Kiswahili makundi mawili ya idadi: moja, na nyingine zote. Mgawanyo huo ni sahihi kuhusu idadi, lakini hausemi lolote kuhusu upatanisho. Kidokezo cha kuarifu vitu vipya kinahitaji "kiungo 1 kipya" na "viungo 3 vipya", "mtumiaji 1 mpya" na "watumiaji 3 wapya", ilhali "picha 1 mpya" na "picha 3 mpya" hazibadiliki. Makundi mawili ya idadi hayawezi kuzaa maumbo hayo yote iwapo nomino inachomekwa baadaye. Aidha, msimbo uliotungwa kwa lugha inayotanguliza idadi hutoa "3 viungo", mpangilio ambao si wa Kiswahili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa vidokezo vinavyobadilika baada ya tendo. Ni desturi sasa kitufe cha kunakili kuwa na kidokezo kinachosema "Nakili", na mara kinapobofywa msimbo hubadilisha maneno hayo kuwa taarifa kwamba tendo limekamilika. Kwa lugha isiyo na viambishi vya upatanisho, neno moja hutosha kwa kila kitu. Kwa Kiswahili, anwani "imenakiliwa", kiungo "kimenakiliwa", na msimbo "umenakiliwa". Umbo hili la mwisho lina hatari ya ziada: kiambishi u- ni cha ngeli ya msimbo na ujumbe, na ni cha nafsi ya pili umoja pia. Mtumiaji aliyefuta ujumbe akasoma "Umefutwa" ana haki ya kudhani kuwa akaunti yake ndiyo iliyofutwa. Ukurasa ukifungwa na kidokezo kikatamka "Umefungwa" peke yake, msomaji ameambiwa habari ya kutisha kuhusu nafsi yake. Kurejesha nomino, "Ujumbe umefutwa" au "Ukurasa umefungwa", huondoa utata huo kwa neno moja tu.

Jambo la tatu ni ukataji. Vijisanduku vingi hupewa upana usiobadilika, na maneno yanayozidi hukatwa na kuwekewa nukta tatu. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliza ukanushi, nafsi na wakati, kisha mzizi hufuata. Kidokezo cha tahadhari kinachokusudia kusema "Mabadiliko haya hayatarejeshwa" kikikatwa kuwa "Mabadiliko haya hayata…", msomaji hupata kwamba jambo fulani halitatokea, bila kujua jambo gani. Mkato ambao katika lugha nyingine hupoteza neno la pembeni, katika Kiswahili waweza kupoteza tendo lenyewe. Kanuni ya namna imevunjwa, na aliyeivunja ni kipimo cha upana katika faili la mtindo.

4.0 Wakati, Mahali na Msomaji Aliyeachwa

Namna kongwe ya kuweka kidokezo katika HTML ni sifa iitwayo title. Msanidi huandika maneno ndani ya sifa hiyo, na kivinjari hubeba yaliyobaki. Urahisi huo una gharama. Kwenye simu, ambako hakuna kishale cha kupumzisha, maneno hayo kwa kawaida hayajitokezi. Mtumiaji anayetembea kwa kibodi, kwa sababu mkono wake hauwezi kushika kipanya, hayaoni katika vivinjari vingi. Katika Afrika Mashariki, ambako watu wengi huingia kwenye intaneti kwa simu, kazi nzima ya mfasiri yaweza kubaki ndani ya ukurasa bila kusomwa.

Kuna dosari nyingine isiyotajwa mara nyingi. Katika HTML, lugha ya elementi hutangazwa kwa sifa ya lang, na tangazo hilo hutawala maudhui ya elementi pamoja na maneno yaliyomo katika sifa zake. Kiungo chenye maandishi ya Kifaransa na title ya Kiswahili hakiwezi kutangaza lugha mbili. Kisomaskrini, programu inayowasomea kwa sauti watu wasioona, hufuata tangazo lililopo, hivyo huweza kukitamka Kiswahili kwa matamshi ya Kifaransa. Ukurasa uliotafsiriwa wote huku tangazo lake likiachwa kuwa la Kiingereza hukumbwa na msiba huohuo. Tafsiri imekamilika kwa macho na imeharibika kwa masikio.

Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.1, uliotolewa na W3C mwezi Juni 2018, ulishughulikia wakati na mahali katika kigezo namba 1.4.13. Maudhui yanayojitokeza kwa kupumzisha kishale au kwa kufikiwa na kibodi yanapaswa kutimiza mambo matatu. Mtumiaji aweze kuyaondoa bila kuhamisha kishale. Aweze kupeleka kishale juu ya maudhui yenyewe bila kutoweka. Na yabaki hadi mtumiaji ayaache au ayaondoe, au hadi habari yenyewe ipitwe na wakati. Mahitaji haya ni ya kiufundi, lakini yana maana ya kifasihi: yanampa msomaji haki ya kumaliza kusoma. Msomaji wa Kampala au Bujumbura ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu anaihitaji haki hiyo kuliko yeyote, kwa kuwa kasi yake ya kusoma si ile ya aliyekitunga kidokezo.

5.0 Mifumo Miwili Mkabala

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ikiwamo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, huvitenga vidokezo kama jumbe zinazojitegemea. Kila kidokezo cha kiolesura kina ufunguo wake unaoanza kwa neno tooltip, na wafasiri wa kujitolea hukifasiri kizima kupitia translatewiki.net. Zaidi ya hayo, kuna msimbo wa lugha wa kubuni, qqq, unaotunza maelezo kwa wafasiri kuhusu mahali ujumbe unapotokea na kazi yake. Mfasiri wa neno linaloweza kuwa nomino au kitenzi ana pa kuuliza. Mpangilio huu umemtambua mfasiri kuwa mtunzi: hupewa sentensi nzima na muktadha wake.

Hata hivyo, jumbe hizo zilizolindwa kwa uangalifu mkubwa hufikishwa kwa sifa ileile ya title. Msimbo huziongezea pia njia ya mkato ya kibodi ndani ya mabano mwishoni, kiasi kwamba sentensi ya mfasiri huishia kwa vitufe ambavyo hakuviandika. Kigezo cha 1.4.13 hakivunjwi hapo, lakini kwa sababu ya msamaha tu: kigezo hicho hakiyagusi maudhui ambayo kivinjari chenyewe hudhibiti namna yanavyoonekana. Kusamehewa sharti si sawa na kulitimiza.

Bootstrap imeelekea upande mwingine. Katika toleo lake la 5, vidokezo haviwashwi vyenyewe. Msanidi sharti aviwashe kwa msimbo. Vikishawashwa, hujitokeza kwa kishale na kwa kibodi pia, na kidokezo kinapoonekana msimbo hukifunga kwenye kitufe chake kwa sifa ya aria-describedby ili kisomaskrini kiweze kukitaja kuwa maelezo ya kitufe hicho. Msanidi hupewa amri za kukionesha, kukificha, kukizima kwa muda, kubadilisha maneno yake na kukiondoa kabisa. Amri hii ya mwisho huonekana ndogo, lakini ndiyo inayozuia kidokezo kubaki kikining'inia juu ya ukurasa ilhali kitufe kilichokizaa kimekwisha kuondolewa.

Kwa upande wa sentensi, Bootstrap haina la kusema. Hupokea maneno na kuyaonesha, yawe yamepatana kisarufi au la. Hilo si kosa lake kama maktaba, ila ni pengo ambalo msanidi wa kiolesura cha Kiswahili analirithi bila kujua. Aidha, kwenye skrini ya kugusa, mguso unaoweza kuleta kidokezo ndio huohuo unaotekeleza amri ya kitufe. Maelezo huja pamoja na tendo, au baada yake.

Mahali ambapo ukimya huumiza zaidi ni kwenye kitufe kilichozimwa. Mtumiaji anayejaza fomu akakuta kitufe cha kutuma hakibofyeki ana swali halisi: kwa nini? Kitufe kilichozimwa katika HTML hakifikiwi kwa kibodi, na maelekezo ya Bootstrap yenyewe hukiri kuwa elementi ya namna hiyo haiwezi kuleta kidokezo. Suluhisho linalopendekezwa ni kukizungushia elementi nyingine inayofikika, kisha kidokezo kitundikwe kwenye elementi hiyo. Asiyefanya hivyo huacha kiolesura kinyamaze palepale kilipoulizwa. Kwa mizani ya Grice, huu ni uvunjaji wa kanuni ya kiasi ulio mbaya kuliko wote: habari inayohitajika mno haikutolewa kabisa.

6.0 Msomaji wa Nchi Jirani

Mjadala huu una uzito wa pekee nje ya mwambao na nje ya vituo vikuu vya usanifishaji. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo. Huduma za umma zinazotolewa kwa njia ya wavuti zina sababu ya kuandikwa kwa Kiswahili kitakachosomwa na watu waliokipata kwa njia tofauti: sokoni, jeshini, kanisani, darasani. Msomaji mmoja anajua nenosiri, mwingine amesoma nywila. Mmoja anasema kompyuta, mwingine tarakilishi.

Kidokezo kinaweza kuwa daraja kati ya istilahi hizi. Uga ulioandikwa "Nenosiri" ukiwa na kidokezo "Pia huitwa nywila" humsaidia msomaji mmoja bila kumkera mwingine, na hapo hakuna marudio matupu. CLDR tayari hutofautisha Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Msimbo unaweza kuchagua kidokezo kwa kufuata mgawanyo huo na kurejea kwenye Kiswahili cha jumla pasipokuwa na tofauti.

Yupo atakayepinga kwamba, kwa kuwa simu haina kishale, ni heri vidokezo viachwe kabisa na kila kitufe kiandikwe maneno. Pingamizi hilo lina ukweli mkubwa, na linatoa kigezo kuliko linavyotoa katazo. Neno ambalo bila hilo mtumiaji hawezi kuendelea halipaswi kufichwa ndani ya kidokezo. Mahali pake ni juu ya skrini. Kinachobaki kwa kidokezo ni nyongeza inayofaa: kisawe, njia ya mkato, sababu fupi. Mfano wa nenosiri na nywila unakubalika kwa masharti hayo tu, na iwapo uchunguzi utaonesha kuwa watumiaji wengi hawaijui istilahi ya kwanza, basi zote mbili ziandikwe wazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ubora wa kidokezo cha Kiswahili hauwezi kuhukumiwa kwa kutazama orodha ya tafsiri pekee. MediaWiki inafundisha kuwa mfasiri apewe sentensi nzima pamoja na muktadha. Bootstrap inafundisha kuwa msomaji wa kibodi na wa kisomaskrini afikiwe sawa na wa kipanya. Hakuna kinachozuia mafunzo hayo mawili yakae katika programu moja.

Kwa hiyo inapendekezwa kuwa uhakiki na ufundishaji wa ujanibishaji utumie maswali manne kwa kila kidokezo. Je, kinasema jambo ambalo kitufe hakijalisema? Je, upatanisho wake unabaki sahihi kwa kila nomino ambayo msimbo unaweza kuichomeka? Je, kinamfikia asiyetumia kipanya, kwa lugha iliyotangazwa kuwa Kiswahili? Je, kinabaki hadi msomaji amalize? Swali la kwanza ni la mwandishi, la pili ni la mfasiri na msanidi kwa pamoja, na mawili ya mwisho ni ya msanidi. Idara za Kiswahili zinazowafunza wafasiri zina wajibu wa kuwafundisha kuidai sentensi nzima kutoka kwa msanidi, na idara za kompyuta zina wajibu wa kuwafundisha wasanidi kwamba ngeli ni sehemu ya mahitaji ya programu, sawa na kasi na usalama. Pasipo hivyo, msomaji aliyefuta ujumbe wake ataendelea kuambiwa kuwa amefutwa yeye.